Kupandikizwa Kiungo Si Mwisho wa Matibabu

Kila mara mtoto wa visiwa hivi anapopelekwa ng'ambo kutibiwa maradhi makubwa, wananchi hawakai kimya. Misikitini huombwa dua, makazini hupitishwa mchango, na asiye na fedha hutoa alichonacho. Mtoto akirudi salama, jamaa hujaa bandarini na uwanja wa ndege, na nyumbani sufuria kubwa hutelekwa. Siku ya tatu watu hutawanyika, kila mmoja akirudi kwenye shughuli zake na kuamini kwamba jambo limekwisha. Kwa maradhi mengi, kweli limekwisha. Lakini kwa mtoto aliyepandikizwa ini au figo, siku hiyo ya tatu ndiyo kazi inapoanza, na walioachiwa kazi yenyewe ni mama, baba, bibi na ndugu zake mtoto, ambao mara nyingi hawakupewa mafunzo ya kutosha wala msaada wa kudumu.

Tumeona yafaa kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa kuwa linahusu uhai wa watoto na vile vile linahusu fedha za umma. Matibabu ya aina hii si hadithi ya nchi za mbali tena. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na mwaka 2023 ikaanza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Ama ini la mtoto mdogo, familia nyingi za Afrika Mashariki zimekuwa zikilifuata India.

Elimu yenyewe haina umri mkubwa. Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Dakta Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya kijana mmoja wakampa pacha wake, na mgonjwa akapona. Mwaka 1963 Dakta Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza ini mtoto wa miaka 3 katika mji wa Denver, mtoto hakunusurika. Ilipofika 1967 mtoto mwengine, ambaye hakuwa ametimiza miaka 2, alipandikizwa ini hapo hapo Denver akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Kilichogeuza mambo baadaye ni dawa. Mwili wa binadamu hukitambua kiungo kigeni na kukipiga vita kama unavyopiga vita maradhi. Siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu, ilianza kuvituliza vita hivyo katika miaka ya 1980. Ikafuata takrolimasi, ambayo asili yake ni vijidudu vya udongo wa Japani vilivyogunduliwa mwaka 1984. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama mmoja wa Kijapani alimpa mwanawe sehemu ya ini lake, na mtoto akaishi. India ilifikia hatua hiyo Novemba 1998, pale mtoto wa miezi 20 alipopewa kipande cha ini la baba yake mjini Delhi. Mtoto huyo amekua, na amesomea udaktari.

Leo, katika vituo vyenye uzoefu, watoto wapatao 9 katika kila 10 huuvuka mwaka wa kwanza. Hiyo ni habari njema, na ndiyo inayotupasa kuuliza: mtoto akiisha kuokoka katika chumba cha upasuaji, anarudi kuishi katika nyumba ya namna gani?

Tuifikirie nyumba moja ya kijijini Pemba. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano tu, ingawa wengi wataitambua. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Alizaliwa na kasoro ya mifereji ya nyongo. Nyongo ikakosa njia ya kutokea, ikaliharibu ini. Mama ndiye aliyefaa kutoa. Madaktari walichukua upande mdogo wa kushoto wa ini lake, kiasi cha robo au chini ya hapo, wakampandikiza mtoto. Ini la mama, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, hukua tena na kukaribia ukubwa wake wa awali katika muda wa majuma na miezi michache. Walikaa ng'ambo miezi mitatu karibu na hospitali. Sasa wamerudi.

Jambo la kwanza linaloigeuza nyumba hiyo ni saa. Dawa ya kulilinda ini hutolewa mara mbili kwa siku, na baina ya dozi na dozi hupita saa 12 kamili. Ikiwa ya asubuhi hutolewa saa 2, ya usiku nayo ni saa 2. Haingoji harusi imalizike, haingoji jahazi lifike, wala haifungi pamoja na wafungao. Mwezi wa Ramadhani nyumba nzima hugeuza nyakati zake za kula na kulala, lakini saa ya mtoto haigeuki. Dozi ikisahauliwa mara kwa mara, mwili huamka na kuanza kulikataa ini, na huenda mtoto asioneshe dalili yoyote mpaka damu yake ipimwe. Dozi ikizidi, figo huumia. Tena kipimo cha leo si cha mwakani, kwa kuwa dawa hufuata uzito wa mtoto na kiwango kinachoonekana katika damu. Kwa hiyo mama huyu, ambaye pengine aliishia darasa la saba, anafanya kazi ambayo ng'ambo ilifanywa na wauguzi wa zamu, naye hana zamu.

Jambo la pili ni mwili wa mama mwenyewe. Anayetoa kipande cha ini hupasuliwa tumbo, na kwa majuma kadhaa hukatazwa kunyanyua kitu kizito. Basi tuwafikirie wanawake wetu wa mwambao. Yupo anayeishi kwa kilimo cha mwani, na mwani ukiwa mbichi ndani ya gunia ni mzigo unaomwelemea hata mwanamume. Yupo anayeteka maji kisimani na kukata kuni. Na zaidi ya yote, yupo mtoto mwenyewe, anayenyoosha mikono abebwe na yule yule aliyempa uhai mara mbili, naye mama hana ruhusa ya kumwinua. Nyumbani wote humwangalia mgonjwa mmoja, ilhali wamo wagonjwa wawili.

Jambo la tatu ni tabia ya mtoto. Miezi ya mwanzo hupewa pia dawa za kutuliza uvimbe, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo. Uso huvimba, njaa huzidi, na hasira huwa karibu. Mtoto aliyezoea kuchomwa sindano kila siku hulia akiona mtu aliyevaa nguo nyeupe, hata kama mtu huyo ni babu yake anatoka msikitini. Wazazi, kwa huruma, humwachia kila atakacho. Hapo ndipo kaka au dada yake, aliyeachwa kwa bibi miezi mitatu bila ya mama wala baba, anaporejeshewa wazazi wasio na muda naye. Huyu hakuumwa, wala hakuna aliyemletea zawadi. Akianza kukojoa kitandani au kugoma kwenda skuli, huambiwa ana utovu wa adabu. Kwa hakika mtoto huyu anauliza kama bado ana mahali katika nyumba hiyo, na jibu lake halihitaji fedha: linahitaji nusu saa ya baba kila jioni, na kupewa kazi ndogo ya heshima katika kumwangalia mdogo wake.

Jambo la nne ni sisi majirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba hii, kwa miezi ya mwanzo hasa, msemo huo unapinduka. Dawa inayolilinda ini huizubaisha kinga ya mwili, na mafua ambayo kwa mtoto mwengine ni ya siku tatu, kwa huyu yaweza kumrudisha wodini. Surua na tetekuwanga ni hatari kubwa zaidi kwake, na mzee anayekohoa kwa majuma bila ya kupimwa kifua kikuu hapaswi kumpakata. Desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa ni njema, na hatusemi iachwe. Tunasema izoee sura mpya: salamu zitolewe barazani, mikono ioshwe kwa sabuni, mwenye kikohozi atume mtu, na asiwepo wa kumbusu mtoto usoni. Si haki kumwachia mama kijana jukumu la kumzuia shangazi mlangoni, kisha akaitwa mwenye majivuno. Maneno hayo yafaa yasemwe na mkubwa wa ukoo, mapema, mbele ya wote.

Vile vile chanjo. Chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai, kama ile ya surua, kwa kawaida haziruhusiwi kwa mtoto aliyekwisha kupandikizwa. Kinga yake basi ipo katika mikono ya watoto wa jirani. Mzazi anayempeleka mwanawe kituoni kupata chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18, anamkinga wake, na bila ya kujua anamkinga pia yule wa nyumba ya pili. Na mzazi anayepuuza huhatarisha wote wawili.

Lipo pia suala la chakula na dawa nyengine. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, matunda yaoshwe na kumenywa nyumbani, na juisi ya barabarani yenye barafu isiyojulikana ilikotoka iepukwe. Tunda la balungi, ambalo visiwani kwetu halina thamani kubwa wala halishukiwi kwa lolote, huipandisha takrolimasi katika damu hadi kiwango cha sumu, kwa hiyo mtoto huyu asilionje. Hali kadhalika dawa za kawaida za madukani. Erithromaisini inayotolewa kwa kikohozi huipandisha, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mitishamba, iwe ya nia njema namna gani, haijulikani itafanya nini. Muuza dawa asiyeuliza, na daktari wa zamu asiyesoma cheti, wanaweza kuibomoa kwa siku tano kazi iliyogharimu mamilioni ya shilingi. Na mtoto huyu akipata homa ya digrii 38 usiku, hapaswi kungojeshwa mpaka asubuhi, wala kupewa paracetamol na kurudishwa nyumbani.

Wapo wanaouliza kama jambo lenyewe linaruhusiwa katika dini. Swali hilo ni la haki, na limejibiwa na wenye elimu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililoko Jeddah lilitoa uamuzi mwaka 1988 likikubali kutoa kiungo kwa sharti kwamba mtoaji asipate madhara yanayozidi faida, atoe kwa hiari, na kiungo kisiuzwe. Sharti hilo la mwisho ndilo pia msingi wa sheria ya India ya mwaka 1994, ambayo huwatanguliza jamaa wa karibu katika kutoa na hutaka uhusiano wao uthibitishwe kwa nyaraka. Hapa tunagusa jambo dogo lenye uzito mkubwa. Familia isiyo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au yenye majina yanayotofautiana baina ya cheti, kitambulisho na pasipoti, yaweza kupoteza majuma ikihangaika baina ya ofisi na ofisi, huku ini la mtoto likizidi kuharibika. Maofisa wa usajili waelewe kwamba herufi moja iliyoandikwa kizembe inaweza kuyagharimu maisha ya mtu.

Sasa tuje kwenye wajibu wa Serikali. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, msimamo wa nchi hii umekuwa kwamba matibabu ni haki ya mwananchi, na kwa miaka mingi wagonjwa wamepelekwa nje kwa gharama za umma pale utaalamu ulipokosekana nyumbani. Hatua ya kuanzishwa kwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2023 ilikuwa na nia ya kuipa azma hiyo msingi imara wa fedha. Tunaipongeza azma hiyo. Hata hivyo, hesabu za rufaa ya nje kwa desturi huandikwa kama safari: tiketi, hospitali, malazi, kurudi. Upandikizaji haukai vizuri katika hesabu ya safari. Dawa zake ni za maisha. Vipimo vya damu huwa vya kila juma mwanzoni, kisha vya kila mwezi, kisha vya kila baada ya miezi kadhaa, bila ya kukoma. Kulipia upasuaji bila ya kutenga fedha za dawa za mwaka wa pili na wa kumi ni sawa na kununua mashine ya boti na kusahau mafuta.

Wapo watakaosema kwamba fedha za mtoto mmoja wa ini zingenunua dawa za watoto mia wa homa na kuharisha. Hoja hiyo si ya kubezwa, na mwenye dhamana ya fedha za umma anapaswa kuifikiria kila siku. Jibu letu ni kwamba hoja hiyo yafaa kuzungumzwa kabla ya mtoto kupelekwa, kwa kanuni zinazojulikana na zinazomhusu kila mmoja, awe mtoto wa mkubwa au wa mvuvi. Akishapelekwa na kupandikizwa, mjadala huo umefungwa. Kumwacha akose dawa wakati huo hakuokoi fedha yoyote. Kunapoteza zile zilizokwisha kutumika, pamoja na mtoto, pamoja na kipande cha mwili wa mama yake.

Yapo mambo yanayowezekana bila ya kungoja bajeti kubwa. Kwanza, iwekwe daftari moja la watu wote waliopandikizwa viungo, Unguja na Pemba, lenye jina la mgonjwa, dawa zake na tarehe ya kwisha kwa akiba yake, ili bohari ya dawa iagize mapema badala ya kuagiza baada ya kilio. Pili, kila mgonjwa apewe daktari na muuguzi mmoja wanaomjua, katika hospitali iliyo karibu naye, wenye mawasiliano na hospitali iliyompasua. Mtu wa Mkoani au Wete asilazimike kuvuka bahari kwa swali linaloweza kujibiwa kwa simu. Tatu, pale kipimo cha kiwango cha dawa kisipofanyika kisiwani, isafirishwe chupa ya damu kwa utaratibu uliopangwa, si mtoto mwenyewe akitapika juu ya boti. Nne, mtoaji ahesabiwe kuwa ni mgonjwa. Kama ni mtumishi, apewe likizo yenye malipo. Kama ni mkulima wa mwani au mchuma karafuu, shehia yake itafute njia ya kumshika mkono kwa miezi mitatu. Tano, mzazi asirudi nyumbani na mtoto kabla ya kufundishwa, kwa Kiswahili, na kuonesha kwa vitendo kwamba anaweza kupima dawa.

Lakini lipo jambo la sita, lililo rahisi kuliko yote, nalo lingewaepusha baadhi ya watoto na safari nzima. Kasoro ya mifereji ya nyongo ikigunduliwa mapema, upo upasuaji mwengine uliobuniwa na Dakta Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950, ambao huunganisha ini na utumbo ili nyongo ipite. Hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya mtoto kutimiza siku 60. Baadhi ya watoto hao huishi miaka mingi na ini lao wenyewe. Tatizo ni kwamba siku hizo 60 hupita tukimwanika mtoto juani na kuambiana kwamba umanjano wa watoto wachanga huisha wenyewe. Mwingi kweli huisha. Ule unaozidi siku 14, hasa ukifuatana na choo cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi nzito, haufai kungojwa hata siku moja.

Mwaka 2004 Taiwan, ambacho ni kisiwa kama chetu, kilianza kumpa kila mama mzazi kadi yenye picha za rangi za choo cha mtoto mchanga. Mama hulinganisha, akiona rangi ya hatari, huenda hospitali. Gharama yake ni karatasi na wino. Hatuoni sababu ya picha hizo kukosekana katika kadi ya kliniki ya kila mtoto wa Unguja na Pemba, wala sababu ya mkunga na muuguzi wa kituo cha afya kutouliza swali hilo moja siku mtoto anapoletwa kuchanjwa.

Tunamalizia kwa wananchi wenzetu. Mtoto aliyepandikizwa ini si kioja cha kijiji, wala jina lake si "mtoto wa ini". Akishavuka miezi ya mwanzo na madaktari wakiridhika, atakwenda skuli na chuoni, atacheza mpira uwanjani, ataadhibiwa akikosea na kusifiwa akifaulu kama wenziwe. Anachohitaji kwetu ni mikono safi, subira mlangoni, na majirani waliochanjwa. Anachohitaji kwa Serikali ni chupa ya dawa isiyokauka. Michango yetu ilimfikisha ng'ambo na kumrudisha. Sasa tuhakikishe kwamba ikifika saa 2 usiku, dawa ipo na yupo wa kumpa.